Maji ya shawa yanavuka kizingiti na kuingia chumbani (Shangani, Mtwara)

Muulizaji: Wakuu, bafu la masta, shawa iko karibu na mlango. Kizingiti ni sentimita 2 tu. Fundi anataka kuvunja sakafu yote. Hakuna njia nyingine?

Jibu 1: Usivunje kwanza. Mwaga ndoo ya maji karibu na mlango uangalie. Yakielekea kwenye tundu la kutolea maji lakini yanajaa, toa kichujio, ondoa nywele na utando wa sabuni. Yakirudi mlangoni, mteremko ndio mbovu, na hapo fundi ana haki: unahitaji kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu.

Jibu 2: Mteremko ukiwa mzuri, inua kizingiti hadi sentimita 8. Bandua vigae vya pale kwanza, maana simenti haishiki juu ya kigae laini. Changanya simenti 1 kwa mchanga 3, na tafadhali uwe wa mtoni! Wa ufukweni una chumvi, huvuta unyevu na vigae hubanduka. Kikikauka, paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili (yaani tabaka mbili), uipandishe ukutani kidogo. Uso wa juu wa kizingiti uinamie ndani, upande wa shawa.

Jibu 3: Ongeza pazia, ncha yake iangukie ndani ya kizingiti. Fimbo iwe ya alumini. Chuma cha kawaida huku pwani hakidumu.

Muulizaji: Nimemwaga, maji yanaenda kwenye tundu vizuri. Kizingiti basi. Silikoni pembeni inahitajika?

Jibu 2: Ndiyo, ya bafuni isiyoota ukungu. Paka pakavu kabisa, usioge hapo kwa saa 24.