Fundi kaniambia mbele ya BABA MKWE nikasafishe masikio. MASIKIO!!

Mzee wa Sebule:
Wakuu, leo salamu sina, damu inachemka.

Yule fundi mnamjua, simtaji. Yule wa kibanda kinachotazamana na wachinja kuku, tesa ya kupimia umeme shingoni kama daktari wa zamu, na kila unachompelekea kwanza "kimeua aisii", kile kidude cheusi cha ndani chenye miguu mingi. Hata pasi. Huyohuyo.

Leo saa kumi na moja jioni, sebuleni kwangu, baba mkwe kakaa pale na kikombe cha chai, huyu bwana kasimama kafuta mikono kwenye pazia LANGU, kanitazama usoni na kutamka: "Braza, umeme mzima, redio nzima, spika nzima. Kilichobaki ni masikio yako. Kayasafishe."

Kayasafishe!

Amplifaya yangu inavuma wiki ya tatu sasa. MMMMMMM! Ukikaa kwenye kochi unadhani uko kwenye lori la mchanga. Ukipandisha sauti, mvumo nao unapanda. Paka kahama, yuko kwa jirani. Jumatano huyu bwana akabadilisha kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kutunza umeme, Sh 35,000, akaondoka hajasubiri hata redio ipate moto. MMMMMMM palepale. Leo karudi, kafungua plagi, katoa koleo, anataka kukata waya wa kijani na njano, eti ni wa urembo. Nikamshika mkono. Hapo ndipo aliponuna, na hapo ndipo aliposema lile neno. Mbele ya mzee aliyenipa mke. Kayasafishe!

Saa tatu usiku wageni wamelala, mimi usingizi hauji. Nikaenda nyuma ya king'amuzi, nikachomoa waya wa dishi. Huo mmoja tu.

KIMYA.

Nimesikia mbu. Nimesikia jirani anageuza samaki kwenye mafuta. Nimesikia baba mkwe anakoroma vyumba viwili mbele, mlango umefungwa. Haya ndiyo masikio ya kusafishwa? HAYA?

Kiti cha Mbele:
Nimeshakaa. Karanga ziko wapi?

Dada wa Mwananyamala:
Yule yule aliyesema tivii yangu imeua aisii kumbe rimoti haina betri. Elfu kumi akala. Pole kaka.

Mpita Njia 2:
Mkuu, unamlipa 35,000 redio haijawashwa? Siyo masikio tu, na mfuko nao upimwe.

Bibi Shamba:
Haya mengine tupa huko. Baba mkwe alisemaje?

Mzee wa Sebule:
Bibi shikamoo. Aliweka kikombe chini taratibu, akasema "Pole mwanangu, kumbe ndiyo maana asubuhi nilikuita mara mbili." Bibi, asubuhi nilikuwa BAFUNI! Na sasa hivi mama mkwe katuma ujumbe kutoka Morogoro, niweke mafuta ya nazi ya uvuguvugu, matone matatu kila sikio. Morogoro! Habari imefika Morogoro kabla fundi hajafika kibandani kwake. Kayasafishe!

Bibi Shamba:
Marahaba. Mafuta ya nazi ni mazuri, usiyadharau.

Stimu Baridi:
Mtoa mada, punguza povu usikie, maana majibu umeyaandika mwenyewe. Umesema ukipandisha sauti mvumo unapanda. Basi unaingia kabla ya kitasa cha sauti. Zile kapasita zilionewa. Kapasita za pawa zikikauka, redio inavuma hata kitasa kikiwa sifuri, tena ni zzzzz ya Hz 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, kwa sababu dayodi, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zinakunja umeme wetu wa Hz 50 na kuutoa maradufu. Wa kwako ni MMMM mnene.

Kilichopo ni njia mbili za kwenda ardhini. Amplifaya imeshika ardhi kwa pini ya tatu ya soketi. Dishi nalo limeshika ardhi yake huko nje, kwenye bomba la chuma lililochimbiwa. Toka bomba, pita wavu wa chuma ulio ndani ya waya wa dishi, ingia king'amuzi, shika zile waya nyekundu na nyeupe, ingia amplifaya, shuka soketi: duara limefunga. Umeme kidogo unazunguka humo na amplifaya inaukuza ikidhani ni wimbo. Ulipochomoa dishi ulilikata duara.

Tafuta transfoma ndogo ya kutenganisha sauti, iweke kati ya king'amuzi na amplifaya. Au kama vyote viwili vina tundu la waya wa mwanga, ule unaobeba sauti kwa mwanga badala ya umeme, tumia hilo, mwanga haupitishi mvumo. Ila kumzuia na lile koleo umefanya la maana sana. Angekata ule wa kijani na njano, ambao ndio wa kwenda ardhini, siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, volti 230 zinamsubiri mtoto wa kwanza kushika redio.

Mzee wa Sebule:
Mkuu Stimu, Mungu akubariki. Umeona? Dishi! Siyo masikio, ni DISHI! Kesho namwekea hii simu puani asome. Kayasafishe, mbele ya mkwe!

Mpita Njia 2:
Ila mkuu, si uende tu wakuangalie hayo masikio? Haina gharama kubwa.

Mzee wa Sebule:
NIMESIKIA SAMAKI ANAGEUZWA!!

Kiti cha Mbele:
Samaki gani lakini? Kibua au changu? Kila mmoja na mlio wake.

Mama Friji:
Nyie mna bahati, mnatukanwa tu. Wa kwangu alichukua friji "siku mbili". Mwezi wa nne huu. Juzi napita kwake nikalikuta linafanya kazi, kajaza juisi za ukwaju anauza. Nikainunua moja, kiu ilinishika.

Dada wa Mwananyamala:
Hahaha jamani! Ilikuwa baridi?

Mama Friji:
Barafu kabisa. Ndiyo ninachokasirikia.

Suti Fupi:
Mafundi cherehani ndio baba lao. Nimepeleka kitambaa mita tatu na nusu, suti ya send-off ya mdogo wangu. Suruali imeishia kwenye ugoko. Namuuliza, anasema ndiyo mtindo. Jumapili nikamkuta mtoto wake kanisani kavaa kizibao cha kitambaa kilekile.

Mzee wa Sebule:
Wakuu tusitoke kwenye mada. Mbele ya baba mkwe...

Bibi Shamba:
Hicho kizibao kilimkaa vizuri?

Suti Fupi:
Bibi, siwezi kudanganya. Kilimkaa.

Kiti cha Mbele:
Basi kushona anajua. Anachukua shilingi ngapi? Nina mwaliko Jumamosi.