Uzi wa kujadili balbu za taa za mbele kwa gari za zamani: tupeane uzoefu, ulifunga nini na usiku ulionaje

Msafiri wa Usiku

Wakuu naomba tupeane uzoefu kwenye hili maana kila siku mtu anauliza gari yangu haioni usiku nifunge balbu gani, majibu yanakuja juu juu tu, funga LED, funga HID (zile za gesi zisizo na uzi), basi. Naanza na yangu.

Nina Corolla 110 ya 1998, inatumia balbu aina ya H4, dimu na fulu ndani ya balbu moja. Mwaka juzi nikaona taa hafifu nikaenda Kariakoo nikapewa LED zenye feni nyuma, muuzaji akaziwasha pale pale kwenye betri, aisee ukuta wote mweupe, nikalipa karibu mara tatu ya bei ya halojeni, zile balbu za kawaida za uzi, bila kujiuliza. Mjini nilifurahi sana, Ubungo mpaka Kimara kuna taa za barabarani huwezi kujua kitu. Siku hiyo natoka Iringa na familia, tumeingia Mikumi giza limeshashika na mvua juu. Mbele ya boneti peupe kama pamemwagwa unga, ukiinua macho kidogo hakuna kitu, weusi mtupu. Kila basi linalokuja linanipigia fulu na mimi niko dimu, nikawa nawalaumu wao. Tumetoka hifadhini tunakaribia Doma nikasikia kitu kinakwaruza chini ya gari, nimeshayakanyaga yale matawi ya miti ambayo mtu anaweka barabarani gari ikimharibikia. Lori lenyewe lilikuwa mbele palepale, halina taa hata moja. Nilikwepa kulia na Mungu alisaidia hakukuwa na gari inayokuja. Mke wangu hakusema neno mpaka Morogoro.

Wiki iliyofuata nikarudisha halojeni ya kawaida kabisa, 60/55 (wati 60 fulu, 55 dimu) ya kampuni inayojulikana. Ukiitazama ni hafifu, ina unjano, lakini barabarani nikaona mbali kuliko zile LED. Ndo nikaanza kufuatilia. H4 ina nyuzi mbili ndani, ule wa dimu umekaliwa chini yake na kikombe kidogo cha chuma ili mwanga ugonge nusu ya juu tu ya riflekta, kile kibakuli king'aavu kinachorusha mwanga mbele, usirushwe machoni mwa watu. Riflekta imechongwa ikitegemea uzi ukae pale pale, ukihama hata milimita moja mwanga unaenda kwingine. Sasa zile LED zangu vitaa vyake vilikuwa vinene na vimekaa pembeni, ukuta wa dukani ulikuwa mweupe kwa sababu mwanga ulikuwa unamwagika kila mahali, na mvua ikinyesha ule weupe unakurudia mwenyewe.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu, ukali wa taa dukani sio kuona mbali. Kabla hujanunua balbu kali jua kwanza umeme unaoifikia, lenzi ikoje, na taa zinaangalia wapi. Nyie mnasemaje, leteni ya kwenu.

Carina ya Dom

Mkuu umenigusa. Nina Carina, taa za mbele njano kama mshumaa, nimebadili balbu mara mbili mwaka huu bado vile vile. Jamaa mmoja wa spea kaniambia nifunge 100/90 ndo mwisho wa matatizo. Nifunge?

Fundi Waya

Usifunge, nakuomba. Mimi ni fundi umeme wa magari mwaka wa 19 huu. Piga hesabu, balbu mbili za wati 60 kwenye volti 12 zinakula ampea 10, mbili za wati 100 zinakula karibu 17. Waya wa hiyo Carina na soketi zake vilipangiwa zile 10, tena hapo gari ikiwa mpya. Kuna Land Rover 110 ililetwa kwangu mwenyewe analalamika harufu, amefunga wati 100, na zile Land Rover za zamani umeme wote wa taa unapita kwenye swichi ya usukani moja kwa moja hakuna rilei, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa badala ya swichi ya usukani. Nilipofungua kava la usukani plastiki ya swichi ilikuwa imelainika, nikiigusa na bisibisi inanata kama ubani. Soketi ya kulia ilikuwa imeungua mpaka ikashikana na miguu ya balbu, ilibidi niikate.

Taa kuwa njano mara nyingi balbu haina kosa, umeme unapotea njiani. Chukua multimeta, kile kipimo cha volti, washa gari, washa taa, pima kwenye betri, halafu pima nyuma ya soketi ya taa balbu ikiwa imewaka, sio soketi tupu maana soketi tupu itakudanganya. Ikipungua nusu volti sawa, ikipungua volti mbili hapo hata ukifunga balbu ya ndege itakuwa njano. Mwanga unashuka haraka kuliko umeme, volti ikipungua asilimia 10 mwanga unapungua kama asilimia 30. Anza na waya wa ethi, yaani wa hasi, fungua boliti yake kwenye bodi, piga msasa mpaka uone chuma king'ae, funga tena. Bado ikisumbua funga rilei mbili na waya mnene kutoka betri, na fyuzi yake usiisahau.

Angalizo kwa mafundi wenzangu, Toyota nyingi za zamani taa zinakatwa upande wa ethi, umeme chanya unakuwepo muda wote taa zikiwashwa na swichi ya dimu na fulu inafanya kazi upande wa hasi. Ukichukua seti ya rilei iliyotengenezwa kwa gari nyingine ukabandika tu haitafanya kazi, utaishia kubadili vitu vizima.

Mama Pacha

Jamani mimi yangu ilinichosha miezi miwili. Niko Mwanza, RAV4 ya zamani ile ya H4, taa ya kushoto ikaungua nikamtuma mdogo wangu akanunua balbu, tukafunga, inawaka lakini rangi ya chungwa kabisa, ya kulia nyeupe. Fundi wa kwanza akasema oltaneta, ile inayochaji betri, nikatengeneza oltaneta. Wa pili akasema ethi, akakaza ethi. Hela inaenda tu. Siku moja nimepaki nyumbani mchana nikaamua kuitoa mwenyewe, nikaipeleka juani nikaigeuza geuza, pale kwenye chuma cha chini kuna maandishi madogo mno, nikapiga picha na simu nikakuza, 24V 75/70W. Balbu ya lori! Kitako ni kile kile, miguu mitatu ile ile, inaingia bila shida yoyote. Kwenye gari ya volti 12 inapata nusu ya chakula chake ndo maana inawaka kivivu. Tangu siku hiyo nasoma maandishi ya kitako kabla sijatoa hela, na nanunua mbili kwa pamoja maana moja ikishakufa mwenzake amefanya kazi masaa yale yale.

Fundi Waya

Dada hongera, na wenye Land Cruiser za dizeli za zamani za volti 24 wajue wao ni kinyume, wakifunga ya 12 inakufa palepale kama flashi ya kamera.

Mkaa Limuru

Mimi ni wa Kenya, hii barabara ya Limuru kwenda Naivasha kuna asubuhi ukungu umeshuka huoni hata boneti yako. Gari yangu mataa zilikuwa za plastiki na jua lilikuwa limezichoma mpaka zikakuwa manjano na ziko na kaukungu juu. Nikaenda Kirinyaga Road nikanunua balbu za bluu bluu zimeandikwa kelvin 8000, nikidhani namba ikiwa kubwa ndio mwangaza mwingi. Kumbe hiyo namba ni rangi tu. Halojeni ya kawaida iko kama 3200, ukienda juu unaelekea ubluu, na hizo za halojeni zilizopakwa rangi kioo kile cha bluu kinakunywa mwangaza, kwa hivyo nililipa zaidi ili nione kidogo. Kwa ukungu ndio ilikuwa mbaya kabisa.

Kilichonisaidia si balbu hata. Watu waliniambia dawa ya meno, nikajaribu, iling'aa, baada ya wiki tatu ikarudi vile vile. Halafu jirani yangu anayepaka rangi akanionyesha njia ya sawasawa. Ulowanishe maji, msasa namba 800, halafu 1000, halafu 2000, taa inakuwa nyeupe kama maziwa na unashtuka umeharibu, usishtuke. Unapiga polishi mpaka inafunguka, halafu unapulizia klia ile inazuia jua. Bila hiyo klia umefanya kazi bure kwa sababu msasa umetoa ile ngozi ya kiwandani iliyokuwa ikikinga plastiki. Zangu zina mwaka wa pili sasa na balbu ni zile za bei rahisi, 60/55.

Abu Buyenzi

Salamu kutoka Bujumbura. Sisi huku tuna shida ambayo nyinyi wa Tanzania na Kenya hamuijui. Gari nyingi zetu zimetoka Japani, usukani kulia, lakini sisi tunatembea upande wa kulia wa barabara. Taa ya Japani ikiwa dimu mwanga wake unalala halafu upande wa kushoto unapanda, kwenu hiyo inamulika pembeni ya njia na watembea kwa miguu, ni nzuri. Kwetu upande wa kushoto ndiko anakotoka mwenzako, kwa hiyo unampiga machoni hata ukiwa na balbu ya kiwanda. Mimi nilipoweka balbu kali nilizidisha ubaya mara mbili, pikipiki moja iliingia mtaroni mbele yangu pale nikatelemka kumsaidia yule kijana kuinuka. Aliumia mkono. Nikazitoa usiku ule ule. Sasa nimerudi balbu ya kawaida, nimebandika kipande cha utepe mweusi pale juu ya kioo ambapo ule mwanga unaopanda unatokea, na nimezishusha kidogo. Pembeni kulia sioni sana kama zamani, lakini ninalala vizuri. Anayeweza apate taa nzima za gari ya usukani kushoto, hiyo ndiyo dawa kamili.

Msafiri wa Usiku

Pole sana kaka Abu, na ahsante kwa kusema wazi. Hapo kwenye kushusha taa niongezee. Mimi napima kwa ukuta, napaki sehemu tambarare mita 5 kutoka ukutani, napima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, naweka alama ya chaki ukutani kimo kile kile, dimu inatakiwa ikate kama sentimita 5 chini ya alama. Fanya gari ikiwa na mzigo wako wa kawaida. Nilishabeba simenti mifuko sita nyuma nikashangaa kila mtu ananipigia fulu, pua ilikuwa imenyanyuka na taa zinamulika mbinguni.

Na balbu ikae vizuri kwenye kitako, ile miguu mitatu ina nafasi moja tu ya kuingia. Nimeshakuta gari balbu imelazimishwa ikakaa mshazari na kile kiwaya cha kubana kikafungwa juu yake hivyo hivyo.

Namba Tatu

Mnaosema balbu zinaungua kila mwezi, zangu zilikuwa hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza nilikuwa nashika kioo kwa vidole, mafuta ya mkono yanabaki pale, kioo cha halojeni kikipata moto sehemu hiyo inazidi joto kuliko nyingine, balbu inakufa mapema. Shika kitako au tumia kitambaa safi. Ya pili oltaneta ilikuwa inatoa volti 15 na zaidi, baada ya kubadili regyuleta inayodhibiti volti, balbu zina miezi 14 sasa.

Mwenye 110

Mimi naomba nitetee LED kidogo. Nina Land Rover Defender, taa zake za duara inchi 7, nilitoa taa nzima pamoja na kioo na riflekta nikafunga taa nzima iliyotengenezwa kuwa ya LED tangu mwanzo, yenye ule muhuri wa viwango, herufi E ndani ya duara. Inakata vizuri ukutani, hakuna anayenilalamikia, na swichi ya zamani inapumua maana umeme inaokula ni kidogo. Kwahiyo kosa ni kuchukua kitaa cha LED ukakitia kwenye riflekta ya halojeni. Bei lakini imesimama, nilikusanya miezi mitano.

Na wale wa Mark II za HID za kiwandani, balbu ikizeeka haiungui ghafla, inafifia na kuvuta rangi ya pinki. Mkienda kununua angalieni D2R au D2S, R ni ya riflekta na imepakwa michirizi kwenye kioo, S ni ya projekta, ile taa yenye lenzi ya duara mbele ya balbu, wauzaji wengi wanakupa yoyote.

Carina ya Dom

Wakuu nimerudi. Nimeazima multimeta. Kwenye betri 13.9, nyuma ya soketi ya kulia taa ikiwaka 11.3, ya kushoto 11.6. Nilitetemeka nilivyoona. Nimefuata waya wa ethi nikakuta boliti iko chini ya betri imeota unga wa kijani na mweupe, ilinichukua nusu saa kuifungua. Nimepiga msasa, nimepaka grisi kidogo, nimefunga. Sasa 13.0 na 13.1. Jioni hii nimetoka nayo mpaka Ihumwa na kurudi, vibao vya barabarani naviona kabla sijavifikia, balbu ni zile zile za mwezi wa pili. Fundi Waya unanidai chai ukifika Dodoma, nakuja kuinunua mimi.