Nazi imeota joya: mbegu yenyewe ni ipi hapo?

Mama_Vitumbua (Ngamiani, Tanga)
Wanajamvi, hamjambo. Mimi napika vitumbua hapa Ngamiani, kwa siku navunja nazi sita au saba. Jana moja nimeikuta na joya, lile donge laini linaloota ndani ya nazi. Utotoni tulikuwa tukiligombania hilo, lakini kabla sijalitia mdomoni mjukuu wangu wa darasa la 6 kanidaka mkono. Bibi, shuleni tumepasua haragwe tukaona kimche na vipande viwili vya chakula, kotiledoni. Kwenye nazi kimche kiko wapi? Ndilo hilo joya? Na maji ya dafu yanaingiaje, mvua? Nimekalia mbuzi miaka arobaini, nikakosa jibu. Nisaidieni, huyu mtoto hasahau.

Kijana_wa_Makorora
Maji anajaza Mungu bibi, wewe kuna tu 😂

Mkwezi_Mstaafu (Pangani)
Mama, mimi si msomi, nasema nilichokiona kule juu. Karara, lile ganda la shada la maua, likipasuka upunga unatoka, yaani maua yenyewe ya mnazi. Maua madume ni mengi mno, majike ni yale machache ya duara kama vifungo. Na hayo pia mengi huanguka yakiwa vidaka. Kinachonusurika huwa kitale, kisha dafu, koroma, ndipo nazi. Hesabu kama mwaka mzima. Kitale ukikipasua ni maji matupu. Nyama huja baadaye, inaanza ukutani kama kamasi. Nazi ya kupanda nilikuwa naitikisa kwanza. Isiyolia maji, jikoni.

Ticha_wa_Baiolojia
Shikamoo mzee, umenirahisishia kazi. Punje ya chavua huleta mbegu dume mbili. Moja huungana na yai, hapo mtoto amepatikana: kiinitete. Ya pili huungana na viini vingine viwili vilivyomo mlemle na kuzaa chakula cha huyo mtoto, endospemu. Sergei Nawaschin wa Urusi ndiye aliyeligundua jambo hili kwenye mayungiyungi, mwaka 1898. Basi mama, maji ya dafu ndiyo endospemu, viini vya seli vinaelea humo bila kuta. Kuta zikijengwa, kuanzia pembeni kuja ndani, ndiyo ile kamasi ya mzee, halafu nyama.

Mbegu inaanzia kwenye ngozi ya kahawia, ile inayochafua tui ukikuna sana. Kifuu na makumbi ni vya tunda. Kimche kitafute kwenye kifuu chenye macho. Macho ni matatu kwa kuwa ua jike lina vyumba vitatu, ila kwa kawaida kimoja tu ndicho kinachozaa. Jicho lake ni laini, na chini yake kuna kijiti cheupe kisichofika sentimita moja.

Joya ni kotiledoni ya nazi. Ya haragwe hujishibisha mapema, mbegu ikiwa bado kwenye ganda. Ya nazi huvimba mche unapoota, ikinywa maji na kuila nyama.

Mama_Vitumbua
Kumbe! Ndiyo maana nazi ya joya kubwa haina tui, nami nikamlaumu muuzaji. Leo nimechokonoa chini ya jicho laini kwa ncha ya kisu, kijiti nimekiona, kimelala kwenye kishimo chake kama jino la mtoto. Kwa hiyo miaka yote hii nakamua chakula cha mtoto wa mnazi natia kwenye unga wa mchele. Mjukuu kakiweka kwenye kizibo cha chupa, anakipeleka shule kesho. Sasa anauliza mbona ndizi haina mbegu. Nimemwambia akalale.