Shule za kupanda farasi, acheni kuwafundisha watoto wetu kuvuta midomo ya farasi na kupiga mateke!

Wakuu, salamu kwenu. Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Mimi ni saisi, mtunza farasi, huku Arusha. Kazi hii nimeirithi kwa baba yangu aliyeifanya kwenye mashamba ya kahawa. Nimekesha na farasi mwenye msokoto wa tumbo, namzungusha uani mpaka alfajiri, kwa sababu farasi hawezi kutapika na kinachomkwama tumboni kinaweza kumuua kabla daktari wa mifugo hajafika. Kwa hiyo atakayekuja hapa kuniambia sijui ninachosema, ajipange.

Binti yangu ana miaka 9. Nyumbani tuna farasi mmoja, dume mzee aliyehasiwa, niliachiwa na bosi wangu wa zamani alipohama nchi. Huyo ndiye mwalimu wa kwanza wa mwanangu. Nilianza naye chini, ardhini. Kwanza ajue kumsogelea mnyama: aje upande wa bega, aongee, asitokee nyuma, maana farasi haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja wala kilicho chini ya pua yake. Ajue kuinua kwato na kutoa mawe. Ajue kumwongoza kwa kamba iliyolegea, asimame mnyama anaposimama, ageuke bila kumburuta.

Kupanda kukafuata. Hakuna tandiko, ni blanketi tu na mkanda, mimi nimeshika kamba, yeye mikono ameinyoosha pembeni kama ndege. Afumbe macho aniambie mguu upi wa mbele unakanyaga. Tukakaa hivyo masika yote. Vikuku, vile vyuma vya kukanyagia miguu, vikaja baadaye. Hatamu, zile kamba za mkononi zinazoshikana na chuma cha mdomoni, nikampa mwisho kabisa.

Kwa nini mwisho? Hapa ndipo penye ugomvi wangu wote, naomba mnielewe. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, hukaa kwenye pengo lisilo na meno, kati ya meno ya mbele na magego. Pale pana ngozi laini tu juu ya mfupa. Mtoto ambaye hajajua kukaa, akiyumba kidogo atajishikiza kwenye hatamu asianguke, na kila akijishikiza chuma kinagonga ule mfupa. Farasi atainua kichwa, atakaza mgongo, mtoto atazidi kuyumba, atavuta zaidi. Dawa yake ni moja na inajulikana dunia nzima: mtoto ajifunze kukaa kwanza, mwalimu akimzungusha kwa kamba ndefu, mikono ikiwa huru. Akishaweza kukaa bila kushika kitu, mikono yake inakuwa ya kuongea na mnyama. Haiwi tena ya kujiokoa.

Sasa mtaniuliza, kama unajua hivyo, masomo ya kulipia ya nini? Mimi siruki viunzi, sijawahi kufundishwa. Na farasi wangu mzee pale nyumbani magoti yameshachoka, siwezi kumrusha hata juu ya gogo. Mtoto anahitaji farasi tofauti tofauti na kuwa na watoto wenzake. Nikatafuta shule, nikalipia kifurushi cha masomo mapema kama walivyotaka. Hela ya somo moja pale inalisha farasi wangu majani makavu kwa siku nyingi, na bado nikatoa kwa moyo mweupe.

Siku ya kwanza nakuta watoto wanane, mwalimu mmoja. Mwalimu amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mti, simu mkononi. Watoto wanazunguka uwanja mmoja nyuma kwa nyuma, kila farasi pua yake iko kwenye mkia wa mwenzake, umbali ambao mimi nisingempitisha hata saisi mzoefu kwa kuogopa teke. Na kinachosikika ni hicho hicho: “Vuta! Piga teke! Piga tena! Mwonyeshe nani bosi!”

Yaani mtoto anaambiwa apige teke mnyama aende, na sekunde hiyo hiyo avute mdomo wake. Wewe ukisukumwa mgongoni huku umekabwa shati kifuani, utaelekea wapi?

Binti yangu alipewa farasi jike mwekundu. Nilikuwa nje ya uzio, nikamwona yule jike alivyolaza masikio na kupiga mkia pale walipokaza mshipi wa tumbo. Wafanyakazi wakacheka, “huyu ana hasira za kike.” Walipomvua tandiko baada ya somo la kabla yetu, niliona madoa ya nywele nyeupe, moja kila upande wa nundu ya mgongo, makubwa kama sarafu. Mtu yeyote wa farasi anajua maana yake. Nywele zikiota nyeupe hapo, tandiko limeshabana mpaka likaua rangi ya nywele. Nikaomba kumgusa. Nikapitisha vidole viwili pembeni ya uti wa mgongo, kwa uzito ule ule ninaobonyezea embe kujua kama limeiva. Mnyama alibonyea mgongo wote kuukwepa mkono wangu. Anaumwa. Hakuwa na hasira yoyote, alikuwa anaumwa, na amebebeshwa watoto toka asubuhi.

Nikamfuata mwalimu kwa adabu, nikamwamkia, nikamweleza. Jibu lake nalinukuu: “Mzee, wewe si ni saisi? Basi masaisi wanasubiri nje ya uzio.”

Nikameza. Wanangu, nikameza kwa sababu mtoto alikuwa ananitazama.

Kilichotokea somo lililofuata ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu. Watoto wanapelekwa troti, ule mwendo wa kurukaruka, hata wale ambao bado hawajui kukaa farasi anapotembea tu. Farasi wa mbele akashtuka, jike akaruka pembeni, binti yangu akatoka. Kuanguka sikulalamikii, kila anayepanda ataanguka. Nalalamikia mguu. Walimwekea tandiko la mtu mzima lenye vikuku vipana, na wakamruhusu kupanda na raba za kawaida zisizo na kisigino, ingawa nilimnunulia buti za mtumba soko la Kilombero makusudi kwa ajili hiyo. “Buti za nini, ni somo la nusu saa tu.” Kisigino cha kiatu ndicho kinachozuia mguu usipenye kikuku mpaka kwenye kifundo. Mguu wa mwanangu ulipenya. Alipoanguka akaburutwa hatua kadhaa, kisha kiatu kikavuka. Farasi aliendelea mbele na raba ya mwanangu imekwama kwenye kikuku, inaning'inia. Lile kamba la kiatu lisingekuwa limelegea, leo nisingekuwa naandika mambo ya farasi hapa.

Kuna vikuku vyenye mpira upande mmoja, vinaachia mguu mtu akianguka. Si uvumbuzi wa jana, vipo miaka mingi, na shule inayochukua watoto inapaswa kuwa navyo kabla haijanunua spika ya muziki.

Walimfanya nini baada ya kuanguka? Wakamnyanyua, wakamkung'uta vumbi, wakamrudisha juu ya farasi ndani ya dakika. Hakuna aliyemuuliza kama anaona vizuri, kama kichwa kinauma, kama anajua leo ni siku gani. Hakuna aliyemgusa shingo. Alikuwa amepiga kichwa, nilisikia helmeti ilivyogonga chini. Na helmeti hiyo hiyo, somo lilipoisha, wakamvalisha mtoto mwingine aliyekuwa kwenye foleni.

Wazazi, sikilizeni hili hata kama mengine yote mtayasahau. Helmeti ya farasi ndani ina povu gumu lililotengenezwa libonyee mara moja, lichukue pigo badala ya fuvu. Likishabonyea halirudi, na nje huwezi kuona kitu. Helmeti iliyopigwa chini na kichwa kikiwa ndani ni ya kutupa. Nikaiomba nikaigeuza: ndani hakuna lebo ya kiwango chochote. Halali huwa zimeandikwa, utaona ASTM F1163, au PAS 015, au VG1. Pale palikuwa na alama ya gundi tu, na kamba ya kidevu imefungwa fundo.

Nimemtoa mtoto. Kesho yake nyumbani nikaona kilichoniuma kuliko hata kule kuanguka. Alipanda mzee wetu, akampiga teke mbavuni. Mzee akasimama, akageuza sikio moja nyuma, hajaelewa. Mtoto akavuta. Mnyama aliyekuwa akishusha shingo kila akimwona binti huyu, akarusha kichwa juu na kufungua mdomo. Mafunzo ya masika nzima, masomo machache ya kulipia yameyavuruga. Tumerudi kwenye blanketi na kamba, na hatamu nimezitundika ukutani mpaka mikono yake isahau walichomfundisha.

Najua watakuja wa “farasi ni mambo ya wazungu, ungempeleka mpira.” Lesotho watoto wa kichungaji wanapanda farasi milimani tangu wakiwa wadogo. Ethiopia wana farasi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na ni wakulima wa kawaida wanaowatumia. Lamu mtoto wa miaka 6 anapanda punda bila tandiko na hamvuti mdomo, anamwelekeza kwa miguu na uzito wa mwili. Huku kwetu farasi ni wachache kwa sababu ya mbung'o na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaobebwa na visubi wadogo wa jioni na usiku na unaoweza kumaliza zizi. Ndiyo maana baba yangu aliingiza farasi bandani kabla jua halijazama, kila siku ya Mungu. Pale shuleni saa moja usiku bado wako nje. Hilo nalo nililisema, nikaambiwa nina maneno mengi.

Na hao masaisi wanaosubiri nje ya uzio, ni nani alimkimbilia binti yangu na kumdaka yule farasi hatamu? Saisi. Mwalimu alikuwa bado anainuka kwenye kiti. Nani anajua kwamba jike mwekundu hapendi kukazwa mshipi kwa mara moja? Saisi. Wanapopigwa teke hakuna bima, hawana hata glovu, hawapelekwi mafunzo yoyote, lakini ndio wanaowalinda watoto wa watu waliolipa. Nimeumia kwa ajili yao pia, wala siombi radhi.

Mzazi unayefikiria kumpeleka mwanao popote, nenda siku moja bila mtoto, usitoe hela. Tazama farasi kabla ya kutazama mapokezi. Angalia mgongo tandiko likivuliwa, angalia pembe za midomo kama zina vidonda, uliza huyu amefanya kazi saa ngapi leo na atapumzika lini. Wengi wanaojua kazi hii wanashauri mzigo wote, mtu pamoja na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Mwanao wa kilo 30 si tatizo. Tatizo ni yule mteja wa kilo 110 aliyewekwa juu ya farasi wa kilo 450 saa sita mchana apige picha, kisha mgongo huo huo unaletewa mtoto wako. Halafu muulize mwalimu swali moja: mtoto anayeanza unamwanzisha na nini? Akikujibu habari ya kamba ndefu na kukaa bila hatamu, kaa chini muongee. Akikuambia wiki ya pili atakuwa anakimbia shoti, chukua funguo za gari lako.

Jina la shule silitaji hapa na msiniulize inbox. Wenyewe watakuwa wamejitambua, maana nimesikia wanasoma humu. Kwenu nyie: nimeandika barua kuomba fedha ya masomo yaliyobaki, mmenijibu kwamba “kifurushi hakirudishwi.” Sawa, nitafuata taratibu nyingine, risiti ninazo zote na picha ya mguu wa mtoto ninayo. Lakini jike mwekundu mpumzisheni mpaka mgongo upone na mtafutieni tandiko linalomtosha. Na ile helmeti ikateni kwa msumeno leo, asije mtu akaiokota jalalani akamvalisha mwingine.

Wadau wa Moshi, Arusha na hata mlio Nairobi: kama kuna mwalimu mnayemjua, anayeanza na kamba ndefu na anayekubali mzazi asimame ndani ya uwanja, nielekezeni. Umbali si tatizo, nitapanda hata basi la saa kumi na moja alfajiri.