MNAYEMJUA AMENIULIA PAC-MAN YANGU, HALAFU ANANIAMBIA NIWEKE BETRI MPYA!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji jina, mnamjua wote, yule anayejiita fundi na kujibu kila uzi humu.

Nina Pac-Man ya mezani ya Coleco, mashine ya mchezo wa kielektroniki, zile ndogo za njano zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 80. Niliipata betri zake 4 zimevujia ndani, chemba imeota kutu ya kijani. Miezi mitatu nasugua kwa siki na mswaki! Waya nimelehemu mmoja mmoja, stika za ubavuni nikawa nazipumulia kwa mbali zisije zikabanduka. Ikawaka. Kilichobaki ni kijiti, kilikuwa kigumu kupanda juu. Nikampa huyo bwana anisaidie kijiti. KIJITI TU.

Akaichomoa skrini. Nani kamtuma skrini? Ile ni VFD, kioo kilichofyonzwa hewa kikazibwa, kina kichuchu chembamba pembeni. Akapachika bisibisi hapohapo akakwanyua. Tsss! Kile kidoa cha fedha ndani ya kioo, kinachoonyesha kwamba hewa haimo, kikageuka cheupe kama tui, namwona. Hewa ikishaingia mle, imekufa, haifufuki.

Akanitazama usoni: "Jaribu betri mpya."

Betri mpya! Maiti kalala, unaniambia nimpe uji!

Mzee wa Solda: Pole sana mkuu. Huyohuyo aliisugua mashine yangu ya Frogger kwa thina, stika zote zikaondoka, akasema "nimekusafishia".

Bi Vifungo: Umempa kwa mikono yako, leo unatulilia sisi. Kijiti kigumu unafungua skurubu, unasafisha panapogusana kwa spiriti, unafunga. Mtu wa kulehemu waya anashindwa hilo?

Mleta uzi: Sikumpa skrini! Kichuchu kilikuwa kinaonekana! Tsss, wakuu, nimesikia kwa masikio yangu.

Chura Mkavu: Uzi bila picha ni umbea.

Mzee wa Solda: Afadhali yako, kioo unaweza kukitoa kwenye mashine nyingine mbovu. Stika utatoa wapi?

Chura Mkavu: Si unachapisha mpya?

Mzee wa Solda: Nakala si stika! Rangi haiwi ileile hata siku moja.

Bi Vifungo: Mnalia stika, mimi nimetumiwa mashine ya Donkey Kong kwa posta, betri zimo ndani. ZIMO NDANI. Imefika inachuruzika. Muuzaji anasema iliondoka kwake nzima.

Chura Mkavu: Huyo muuzaji si yule wa majuzi, aliyesema "inawaka" kumbe anamaanisha taa?

Bi Vifungo: Ndiye!!

Mleta uzi: Jamani, "jaribu betri mpya". Aliniambia hivyo bisibisi ingali mkononi.

Mzee wa Solda: Bi Vifungo, imwagie siki upesi kabla maji ya betri hayajala njia za shaba kwenye bodi. Ukimaliza fungua uzi wako, huyo muuzaji na mimi tuna deni.