Naombeni ushauri: betri ya ngalawa, Ah (ampea-saa) ngapi zitanitosha?

Seremala_Pemba
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina mota ndogo ya umeme ya volti 12, ile ya kufunga nyuma ya chombo, nataka kuitia kwenye ngalawa. Mwendo wenyewe mfupi tu. Betri hiyo hiyo nataka inisaidie na drili na grainda, maana pwani ninapotengenezea vyombo umeme haufiki. Ninunue ya Ah 100 au ya Ah 150? Naomba jibu mapema, usingizi sipati.

Fundi_Sola_Chake
Waaleikum salaam. Ah peke yake haisemi kitu, zidisha na volti upate Wh, yaani wati-saa. 12 mara 100 ni Wh 1200. Betri ya drili ya volti 18, Ah 5, ni Wh 90, kwa hiyo kwa drili huna tabu. Grainda ndiyo inayokula: ya wati 750 kwa inverta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) itavuta karibu ampea 70 kwenye betri ya volti 12. Mota yenye msukumo wa paundi 55 ukiifungua yote ni kama ampea 50. Haya, betri ni ya asidi au lithiamu? Na mwendo mfupi huo ni kutoka wapi kwenda wapi?

Darajani_Zamani
Chukua 150, usijute. Unguja ilipokosa umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, mie nilikuwa na duka mjini. Wenzangu wote jenereta, kelele na moshi tangu asubuhi, mie nina betri mbili na inverta, feni inazunguka na wateja wanakuja kuchaji simu. Tangu siku zile betri kubwa ndiyo rafiki yangu.

Fundi_Sola_Chake
Ami, feni haishindani na mkondo wa bahari. Seremala, hujanijibu.

Seremala_Pemba
Betri ni za asidi. Zimetumika, zilitolewa kwenye mnara wa simu, lakini muuzaji anasema bado nzima kabisa. Mbili, Ah 150 kila moja. Arbuni nimeshatoa. Kwa bei ile lithiamu siipati hata nusu yake.

BintiKiuyu
Yakhe, sasa unauliza ununue ipi na wewe ushanunua!

Seremala_Pemba
Arbuni si kununua, dada. Na betri ya mnara si betri ya gari, imetengenezwa ikae siku nyingi. Mie nataka kujua zitatosha au hazitoshi.

Nahodha_Mkoani
Mwanangu, umeulizwa mara mbili unakwenda wapi. Jibu.

Seremala_Pemba
Bandari ya Wesha kwenda kisiwa cha Misali. Nachukua wageni wanne asubuhi, narudi nao alasiri. Petroli inakula faida yote, na wageni wenyewe wanapenda chombo kisicho na kelele.

Nahodha_Mkoani
Misali ndiyo mwendo mfupi? Mota hiyo haifiki nguvu ya farasi mmoja. Ngalawa ikiwa na watu watano, mota ikakupa mafundo matatu, yaani maili tatu za baharini kwa saa, na mkondo wa bamvua, maji makubwa, unakuja mbele yako mafundo mawili, umebakiwa na moja. Betri inaisha na Misali unaiona pale pale. Kusi likivuma alasiri ndiyo basi tena. Ndani ya hori la mikoko sawa, kuvuka kwenda Misali hapana.

Ustadhi_Wete
Abiria ni amana. Sisi Pemba Septemba 2011 tulizika jamaa zetu waliokuwa wakirudi nyumbani na MV Spice Islander, na chombo kile kilijazwa kupita kiasi. Mtu akikwambia faida, muulize faida ya nani. Majaketi okozi unayo mangapi?

Seremala_Pemba
Yapo, Ustadhi, ya kila mtu. Na mie sijazaliwa bara, mkondo naujua. Nitapanga safari siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo.

Jicho_la_Kipanga
Jamani, mnapoteza muda. Mtu wa Wesha anaiita Misali mwendo mfupi? Kwanza ilikuwa mota na drili, mara zikatoka betri za mnara, sasa wageni wanne. Hadithi hii imetungwa. Kesho mtaona tangazo: "betri za mnara zinauzwa, bei poa."

BintiKiuyu
Hata mie nilianza kushuku. Kwanza umesema "pwani" tu. Nani huku anataja kwake hivyo?

Seremala_Pemba
Wallahi siuzi betri. Mie natengeneza vyombo, kama nilivyosema. Ngalawa ni ya mjomba wake mke wangu, kanipa niifanyie kazi tugawane. Wesha sikuitaja mwanzo kwa sababu najulikana pale, na mjomba mwenyewe bado sijamwambia kuwa mashine yake ya petroli nataka kuishusha.

Jicho_la_Kipanga
Hadithi inazidi kunoga.

Fundi_Sola_Chake
Kweli au uongo, wako watakaosoma hapa na betri hizo ziko sokoni, kwa hiyo najibu. Betri ya asidi hata ikiwa mpya usiitumie zaidi ya nusu, na ukiivuta kwa ampea 50 inatoa pungufu ya ilichoandikwa. Ya mnara iliyochoka ya 150 pengine imebaki na 70. Nusu yake ni 35, yaani dakika arubaini za mota iliyofunguliwa yote. Mbili hazifiki saa moja na nusu, na uzito wake umeongeza kama mtu mzima mmoja chomboni. Lithiamu ya Ah 100 ina kilo kama 12 na unatumia asilimia 80 bila wasiwasi. Ukipunguza mwendo kwa robo, matumizi yanashuka zaidi ya nusu, hilo likusaidie horini.

Kabla hujamalizia pesa: ijaze betri, ilaze usiku mzima bila kuigusa, upime. Iwe karibu volti 12.7. Kisha funga taa mbili za gari za wati 55, hesabu saa mpaka ishuke volti 10.5. Taa hizo zinavuta kama ampea 9, kwa hiyo saa hizo zidisha kwa 9, hiyo ndiyo Ah yake ya kweli. Fyuzi usiisahau.

Nahodha_Mkoani
Na mashine ya mjomba ibaki chomboni. Tanga la chombo je?

Seremala_Pemba
Tanga lipo, zima. Muuzaji nimempigia sasa hivi, kakubali nipime Jumamosi kwake. Fundi, hiyo 10.5 naipima taa zikiwa zinawaka au nizizime kwanza?

Fundi_Sola_Chake
Zikiwa zinawaka. Na pima kila moja peke yake, usiziunganishe, mbovu itajificha nyuma ya nzima.