Naomba ushauri: "Lieutenant Colonel" nitamke vipi mbele ya wageni?

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi hii nasherehesha harusi, na baba wa bwana harusi ni Luteni Kanali mstaafu. Kwa Kiswahili sina shida. Tatizo ni wageni wa upande wa bibi harusi, hawajui Kiswahili, hivyo lazima nimtambulishe pia kwa Kiingereza: Lieutenant Colonel.

Jana kwenye mazoezi nikasoma "ko-lo-neli", kama lilivyoandikwa. Vijana wakacheka hadi nikaweka kipaza sauti chini.

Nimepekua kamusi. Kumbe colonel hutamkwa sawasawa na kernel, yaani kokwa au kiini cha mbegu. Asili yake ni Kiitaliano, colonnello, mkuu wa safu ya askari. Wafaransa wakaligeuza coronel, na Waingereza wakaishia na tahajia ya huku na matamshi ya kule. Halafu sisi ndio tunachekwa kwa kuchanganya l na r! Lieutenant nalo limetoka Kifaransa, mtu anayeshika nafasi ya mwingine, ila Waingereza husema "leftenanti" na Wamarekani "lutenanti".

Waliopita jeshini hapa Tanzania, naomba mnisaidie: maafisa wetu wakiongea Kiingereza husema "lefti" au "luti"? Sitaki kumkosea mzee siku ya mwanawe.

Na walimu wa Kiingereza, ile irabu ya kwanza ya colonel, ambayo kwangu si a wala e, mnawafundishaje wanafunzi? Ulimi ukae wapi? Nimebakiwa na siku tatu.